Nairuzi: Machipuko Yaliyopanda Jahazi

Kuna maneno mawili ambayo asiyejua angedhani ni ndugu wa tumbo moja, kumbe hata ujirani hawana. La kwanza ni bahari, tulilolipata kwa Waarabu. La pili ni bahar la Waajemi, ambalo halina chumvi wala samaki ndani yake. Bahar kwa Kiajemi ni yale majira ambayo baridi kali imekwisha, theluji inayeyuka milimani, na mti uliobaki mifupa mitupu unaanza tena kutoa majani. Sisi kwa Kiswahili hatuna neno moja lililotulia la kitu hicho. Wengine huandika machipuko, wengine majira ya kuchipua, na kila mtafsiri anajitafutia lake.

Si ajabu. Neno huja na haja. Watu wa huku tuna masika na vuli, kusi na kaskazi, kiangazi na kipupwe, lakini hakuna mwezi ambao miembe yote ya mtaa imesimama uchi kama mikongojo. Hata hivyo, pitia miswada ya vijana wenzangu, hasa mashairi ya mapenzi, utakuta theluji inaanguka Magomeni na machipuko yanawasili Kariakoo. Mimi sina ugomvi na mtu. Kila mwandishi na kalamu yake. Ninachotaka kusema ni kwamba hatukuhitaji kuyaazima machipuko kutoka kwenye vitabu vya Wazungu. Yalishafika pwani yetu zamani sana, kwa chombo, yakiwa na jina lake kamili, na mpaka leo yana makazi kusini mwa Unguja. Ila yalipofika yalikuwa yameshayapoteza majira yake njiani. Jina lake ni Nairuzi.

Anayetaka kuielewa Nairuzi aanze na baridi. Iran siyo jangwa tupu kama wengi wanavyodhani. Ni nchi ya nyanda za juu, imezungukwa na milima ya Zagros na Alborz, na mlima Damavand ulioko karibu na Tehran una urefu wa zaidi ya mita 5,600, yaani ni mdogo kidogo tu wa Kilimanjaro. Huko milimani theluji ikishika, imeshika. Njia zinafungwa, mifugo inafungiwa ndani, watu wanakula akiba ya nafaka na matunda makavu. Zamani, kabla ya majiko ya gesi, jamaa nzima ilikaa kuizunguka korsi: meza fupi yenye mkaa chini yake na mfarishi mkubwa juu yake, kila mtu amechomeka miguu humo ndani, bibi na wajukuu pamoja. Hadithi zilisimuliwa hapo. Basi mtu aliyekaa hivyo miezi mitatu, siku akiona jani bichi, si mchezo. Analipigia vigelegele.

Neno lenyewe ni mawili yaliyounganishwa: now, mpya, na ruz, siku. Siku mpya. Sikukuu hii ni ya kale kuliko Uislamu, inatokana na dini ya Zarathustra, na wafalme wa Kisasani walioitawala Uajemi kuanzia mwaka 224 waliisherehekea kwa fahari. Nyumbani kwa mtu wa kawaida mambo huanza majuma kadhaa kabla. Kwanza nyumba inakung'utwa. Ndivyo wenyewe wanavyosema, kukung'uta nyumba, kama sisi tunavyofagia na kupaka chokaa kuikaribisha Idi. Pili, ngano au dengu zinaloweshwa na kuoteshwa kwenye sahani mpaka zitoe nywele za kijani. Halafu Jumanne ya mwisho ya mwaka, jua likizama, mioto midogo inawashwa uani na barabarani, na watu wanairuka, wazee kwa vijana, wakiuomba moto uwaondolee unjano wa maradhi na uwape wekundu wake.

Mwaka wenyewe hauanzi saa sita za usiku. Unaanza sekunde ileile ambapo jua, likitoka kusini kwenda kaskazini, linavuka mstari wa ikweta. Mara nyingi ni tarehe 20 Machi. Inaweza kuwa adhuhuri, inaweza kuwa usiku wa manane, na watoto wanaamshwa wakae mezani macho yakiwa mazito. Hebu fikiri kidogo hapo. Saa ambayo Mwajemi anaisubiri na sahani yake ya ngano ni saa ya jua kupita kwetu. Siku hiyo mchana, ukisimama Nanyuki, kivuli chako kinajificha chini ya nyayo. Wao wanapata machipuko, sisi tunapata jua la utosi, na jua ni lilelile moja.

Mezani wanapanga vitu saba ambavyo majina yake kwa Kiajemi yanaanza na herufi S: sabzeh ndiyo ile ngano iliyoota, sir ni kitunguu saumu, sib ni tofaa, serkeh ni siki, kisha samanu, uji mzito wa ngano iliyochipua, senjed, tunda kavu, na somagh, kiungo chekundu chenye ukali. Wanaongeza kioo, mishumaa na kitabu, wengine Kurani, wengine diwani ya Hafidh. Napenda hapo. Nchi ambayo diwani ya mshairi inakaa meza moja na mwaka mpya, mimi naiheshimu. Siku ya kumi na tatu hakuna anayebaki ndani. Watu wote wanahamia mashambani na kwenye bustani na vikapu vya chakula, na ile ngano inatupwa kwenye maji yanayotiririka.

Chanzo cha yote, kwa simulizi, ni mfalme Jamshid, na anayetaka kuisoma habari yake aitafute Shahnameh ya Firdausi. Mshairi huyo alimaliza kazi yake mwaka 1010, baada ya kuifanya kwa takriban miaka thelathini. (Thelathini, wenzangu! Na sisi tunalalamika riwaya ikichukua miezi sita.) Humo ndimo alimo Zahhak, mfalme dhalimu aliyeota nyoka wawili mabegani. Kila siku nyoka hao walilishwa ubongo wa vijana wawili. Wapishi wa jumba la mfalme wakafanya hila: kila siku walimchinja kijana mmoja, na badala ya yule wa pili wakachanganya ubongo wa kondoo. Wale waliookolewa walikimbilia milimani, na Firdausi anasema hao ndio asili ya Wakurdi. Mwisho alitokea mhunzi aitwaye Kaveh, Wakurdi humwita Kawa, aliyekuwa amenyang'anywa wanawe karibu wote kwa ajili ya nyoka hao. Alivua aproni yake ya ngozi, akaitundika kwenye mkuki ikawa bendera, akawaongoza watu. Wakurdi wanaongeza kwamba Zahhak alipoangushwa, Kawa aliwasha moto juu ya mlima kuwapasha watu habari, na machipuko, yaliyokuwa yamekataa kuja miaka yote ya udhalimu, yakarudi. Kwa hiyo moto wa Newroz, kama wanavyoiita wao, si wa kuaga baridi peke yake.

Watawala waliielewa vizuri maana hiyo. Tarehe 16 Machi 1988, siku tano tu kabla ya Newroz, ndege za Saddam Hussein ziliumwagia mji wa Halabja gesi ya sumu. Walikufa watu wapatao 5,000. Watu walikufa vizingitini mwa nyumba zao wamekumbatia watoto, katika juma ambalo walitakiwa wawe wanakung'uta mazulia. Na mwaka 1992 huko Uturuki, katika miji ya Cizre, Nusaybin na Şırnak, askari walifyatua risasi kwenye mikusanyiko ya Newroz, makumi ya watu wakapoteza maisha.

Halafu linakuja jambo ambalo kila anayejidai mwandishi anapaswa kulisikia. Serikali ya Uturuki ilipoona sikukuu haizuiliki, katikati ya miaka ya 1990 iliamua kuisherehekea yenyewe, lakini kwa jina la Nevruz, kwa V. Alfabeti ya Kituruki iliyowekwa kwa sheria ya mwaka 1928 haina W, wala Q, wala X. Wakurdi wanazo zote tatu. Basi kuandika Newroz kwa W kwenye kadi au bango la mwaliko likawa jambo la kupelekana mahakamani. Herufi moja! Ilikuwa mwaka 2013 ndipo serikali ilipotangaza kuziruhusu herufi hizo. Wale wanaotuuliza maneno yana nguvu gani siku hizi, wamwulize polisi aliyekuwa akikagua mabango kutafuta W.

Wengine waliotaka kuifuta Nairuzi nitawapita haraka. Wasovieti waliibana miaka mingi katika Asia ya Kati; Muungano wao ulipovunjika mwaka 1991, jamhuri za huko zilikuwa zikiisherehekea waziwazi. Taliban waliipiga marufuku walipotawala Kabul kuanzia 1996 hadi 2001, na waliporudi mwaka 2021 hawakuchelewa kuiondoa kwenye orodha ya siku za mapumziko. UNESCO nayo iliitia katika orodha yake ya urithi mwaka 2009, na mwaka uliofuata Umoja wa Mataifa ukaitangaza 21 Machi kuwa Siku ya Kimataifa ya Nairuzi. Vyeti ni vizuri, lakini sikukuu hii iliishi zaidi ya miaka elfu bila cheti.

Sasa turudi kwenye swali letu. Machipuko yaliyapotezaje majira yake?

Jibu liko kwenye robo ya siku. Dunia hulizunguka jua kwa siku 365 na karibu robo. Mwaka wa Wasasani ulikuwa na siku 365 kamili, miezi kumi na miwili ya siku thelathini na siku tano za kujaziliza. Ile robo hawakuihesabu. Kwa hiyo kila miaka minne siku ya mwaka mpya ilirudi nyuma siku moja. Mtu hawezi kuliona hilo kwa macho. Maisha yake yote inasogea juma mbili tu. Lakini miaka 120 ikipita, mwezi mzima umeliwa. Al-Biruni, mwanachuoni mkubwa aliyeandika kitabu chake cha kalenda za mataifa karibu na mwaka 1000, anasimulia kwamba zamani Waajemi walikuwa wakiongeza mwezi mmoja kila baada ya miaka 120 ili kurekebisha, na kwamba desturi hiyo ilikufa dola yao ilipokufa. Mfalme wao wa mwisho, Yazdgerd wa Tatu, alikalia kiti mwaka 632, na hesabu ya miaka ikaanzia hapo. Mwaka huo Nairuzi iliangukia 16 Juni.

Waarabu Waislamu walipoichukua nchi waliyaacha mambo mengi ya utawala yaendelee kama yalivyokuwa, na moja lilikuwa kodi. Kharaji ya ardhi ilifunguliwa Nairuzi. Ilikuwa sawa wakati Nairuzi ilipoangukia mavuno. Lakini siku ilikuwa inarudi nyuma polepole, na mimea haikuambiwa. Ilipofika katikati ya karne ya tisa, watoza kodi walikuwa wanabisha hodi mwezi wa Aprili, shayiri ingali kijani. Mkulima afanye nini? Akope kwa riba juu ya mavuno ambayo hajayaona, auze ng'ombe, au afunge virago atoroke. Wengi walitoroka.

Al-Biruni anaeleza kwamba khalifa al-Mutawakkil alikuwa anatembea kwenye viwanja vyake vya kuwindia akaona mazao bado mabichi, na hapohapo akakumbuka kwamba makarani wake walikuwa wameshamwomba ruhusa ya kufungua kodi. Akaulizia, akaambiwa habari ya mwaka uliokatika robo. Akaamuru Nairuzi isogezwe mbele. Washairi wakamsifu, barua zikaandikwa, lakini mwaka 861 aliuawa na jambo likalala. Wakulima walingoja miaka thelathini na zaidi mpaka khalifa al-Mu'tadid, mwaka 895, alipoisukuma Nairuzi ya kodi kwa siku 60 na kuifunga tarehe 11 Juni. Nimeifikiria sana ile miaka thelathini na nne. Mtoto aliyezaliwa mwaka aliouawa Mutawakkil alikua, akaoa, akazaa, na maisha yake yote alidaiwa ngano iliyokuwa haijaiva, kwa sababu ya robo ya siku ambayo hakuna aliyeiweka mahali pake. Kama kuna riwaya ya kihistoria inayosubiri mwandishi, ndiyo hiyo. Anayeitaka aichukue; mimi nina yangu.

Sikukuu yenyewe, ukiacha ya kodi, iliendelea kurudi nyuma kwa hesabu ya zamani. Karibu na mwaka 1007 ilipita sawasawa kwenye siku ile ambayo usiku na mchana hulingana, Firdausi akiwa anamalizia kitabu chake, kisha ikaendelea na safari kuelekea ndani ya baridi. Mwaka 1079 Sultani Malik Shah wa Waseljuki, pamoja na jopo la wanajimu aliokuwemo Omar Khayyam, akaikamata. Wakati huo ilikuwa imeshapitiliza kwa siku 18. Waliirudisha mahali pake, tarehe 15 Machi kwa kalenda ya Ulaya ya siku hizo, na kuamua kwamba kuanzia hapo mwaka utafuata jua lenyewe. Ndiyo maana Nairuzi ya Iran ya leo haitembei. Bunge lao lilipopitisha kalenda ya taifa mwaka 1925, msingi ulikuwa uleule wa siku ya ulinganifu. Wengi wetu tunamjua Khayyam kwa mashairi. Wakulima walimfaidi kwa hesabu.

Lakini kuna watu ambao marekebisho hayo hayakuwafaa, nao ni mabaharia.

Nahodha wa Bahari ya Hindi alikuwa na shida yake. Kalenda ya Kiislamu hufuata mwezi, ina siku 354 au 355, kwa hiyo Ramadhani huzunguka majira yote. Haiwezi kumwambia mtu kaskazi itaanza lini. Alihitaji mwaka wa jua, na aliuhitaji uwe mwepesi kuhesabika baharini bila mnajimu wa sultani pembeni: siku ya kwanza, ya kumi, ya mia, ya mia tatu. Ile Nairuzi kongwe ya siku 365, bila nyongeza wala fumbo, ilimtosha kabisa. Ikirudi nyuma siku moja kila miaka minne, wazee wa chombo watairekebisha kichwani. Ahmad ibn Majid, rubani mkubwa wa Kiarabu aliyeandika kitabu chake cha ubaharia karibu na mwaka 1490, anahesabu misimu ya kusafiri kwa siku za Nairuzi: siku ya kadhaa ondoka, siku ya kadhaa bahari inafungwa. Kwa wakati wake, hesabu hiyo ilianza katikati ya Novemba, pepo za kaskazi zikijiandaa.

Kwa njia hiyo sikukuu ya ngano na theluji iligeuka kuwa kalenda ya upepo, na upepo ukaileta kwetu. Pwani nzima, tangu Lamu hadi visiwani, wavuvi na wakulima waliutumia mwaka huo, wakaugawa katika miongo, kila mwongo siku kumi. Siku ya kwanza waliiita Nairuzi, au kwa Kiswahili kitupu, Siku ya Mwaka. Watu walikwenda pwani alfajiri kuoga, moto wa zamani ulizimwa jikoni na mpya ukawashwa. Moto tena, umeona?

Haikuja peke yake. Bandari ni neno la Kiajemi. Nahodha ni la Kiajemi. Serikali, pamba, bustani, yote hayo yana mizizi huko. Hata jina la Zanzibar ni la kwao: pwani ya watu weusi. Msikiti wa Kizimkazi, si mbali na Makunduchi, una maandishi ya mwaka 500 wa Hijria, ndio 1107, na watu wengi wa sehemu hizo hujiita Washirazi mpaka leo. Kuhusu Ushirazi huo, wataalamu walibishana muda mrefu. Wengine walisema ni kweli babu zao walitoka Uajemi, wengine wakasema ni jina la heshima tu la Waafrika waliotaka ukubwa. Mwaka 2023 jarida la Nature lilichapisha uchunguzi wa mifupa ya watu 80 waliozikwa pwani na jirani zake kati ya mwaka 1250 na 1800. Ikaonekana kwamba wengi wa waliozikwa kwenye miji ile ya kale walikuwa na damu ya mababa wa Kiajemi na mama wa Kiafrika, na mchanganyiko huo ulianza karibu na mwaka 1000. Wote waliokuwa wakibishana walipata kipande chao. Mimi nilichokipata ni picha ya nyumba: mama anasema Kiswahili, baba anasema Kiajemi, mtoto anauliza leo ni siku gani, na baba anamjibu kwa hesabu ya kwao.

Hesabu hiyo haikusimama. Iliendelea kutembea siku moja kila miaka minne, kutoka Novemba kuingia Oktoba, Septemba, Agosti. Leo Makunduchi wanaikoga siku ya mwaka mwezi wa Julai, ndiyo Mwaka Kogwa, na Julai kwetu ni nini? Ni kipupwe. Sikukuu iliyozaliwa kushangilia mwisho wa baridi imekuja kutua katikati ya ile kidogo tuliyo nayo, kusi inavuma, wazee wamejifunga mashuka asubuhi. Mwalimu wetu mmoja wa historia alikuwa akitucheka tukiitaja. Eti ni ushenzi wa shamba. Laiti angeijua ilikopita.

Shughuli huchukua siku nne. Wanaume wa upande mmoja wa mji hupambana na wanaume wa upande wa pili kwa mabua ya migomba, ili mwenye kinyongo chake akimalize hapo asiuvuke nacho mwaka. Wanawake huzunguka wamevaa vizuri, wakiimba, na nyimbo zenyewe si za kusikilizwa mbele ya mkwe. Kisha hujengwa kibanda cha makuti, mtu anaingia ndani, kinawashwa moto, naye anatoka mbio huku watu wakitupia udongo. Wazee wanatazama moshi unaelekea wapi, ndipo wanaposoma habari za mwaka unaokuja. Baadaye ni kula, na mgeni yeyote anakaribishwa; nyumba iliyokosa mgeni siku hiyo inajiona imekosa bahati. Hakuna ngano iliyooteshwa. Hakuna vitu saba vya S, hakuna theluji, na anayeruka motoni ni mmoja badala ya mtaa mzima. Lakini moto upo, na kuusafisha mwaka kupo, na ule uchungu wa kutotaka kuingia upya na mambo ya zamani upo vilevile.

Nilichukua karatasi nikapiga hesabu. Karibu na mwaka 2000 Nairuzi ya Makunduchi ilikuwa inaangukia kama tarehe 22 Julai. Kutoka hapo kurudi mpaka 20 Machi ni siku 124. Kwa mwendo wake wa siku moja kila miaka minne na kidogo, na kama hakuna atakayeishika mkono kuisimamisha, itafika huko karibu na mwaka 2510. Mwaka huo Mwajemi atakuwa mezani na sahani yake ya ngano, akisubiri sekunde ya jua kuvuka ikweta, na Makunduchi watakuwa wanakiwasha kibanda chao siku hiyohiyo, baada ya miaka kama elfu moja na mia tano ya hesabu moja kutembea peke yake. Itakuwa mwezi wa Machi, masika inakaribia. Makuti itabidi yaanikwe mapema.